Namna ya kuepuka bei ya mlanguzi kwa sarafu ambayo kiwanda bado kinaiuza

Somo hili ni kwa wanachama wanaokusanya sarafu za kumbukumbu za United States Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani, ingawa utaratibu wake unafaa pia kwa matoleo ya nchi nyingine. Tunazungumzia hali ambayo mtu anamlipa mlanguzi ziada kubwa kwa sarafu ambayo, saa ileile anapolipa, kiwanda kilichoipiga kinaendelea kuiuza kwa bei yake ya kwanza.

Mfano mkubwa ninaoujua ni wa Agosti 2014. Kiwanda kilitoa nusu dola ya dhahabu yenye sura ya Rais John F. Kennedy, ikiwa na miaka 1964 na 2014, kwa dola 1,240. Sarafu hiyo ilikuwa na robo tatu ya aunsi ya dhahabu safi, na kwa kuwa aunsi moja wakati huo ilikuwa karibu dola 1,300, madini yenyewe yalikuwa na thamani ya takriban dola 975. Siku ya uzinduzi, katika maonyesho ya sarafu huko Rosemont karibu na Chicago, watu walipanga foleni tangu usiku, wengine wakiwa wamelipwa na wafanyabiashara ili wawashikie nafasi, na sarafu ya kwanza kuuzwa pale iliishia kubadilisha mikono kwa dola 100,000. Msongamano ulifika mahali ambapo kiwanda kilisimamisha mauzo ya ana kwa ana kabla ya maonyesho kwisha, kwa sababu za usalama. Wakati hayo yote yakitendeka, sarafu ileile ilikuwa ikiagizwa mtandaoni kwa dola 1,240, na toleo zima halikuwekewa ukomo wa idadi. Hatimaye ziliuzwa zaidi ya 70,000.

Hatua ya kwanza: fahamu ni ukomo gani unaotajwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Upo ukomo wa idadi ya sarafu zitakazopigwa katika toleo zima. Upo ukomo wa kifurushi kimoja tu, ambapo sarafu hiyohiyo inaweza kuuzwa pia katika kasha la aina nyingine. Na upo ukomo wa kila kaya, ambao unaeleza tu kwamba nyumba moja isiagize zaidi ya idadi fulani, wala hausemi lolote kuhusu uhaba. Mlanguzi hupenda kuuchukua huu wa tatu na kuutangaza kana kwamba ni wa kwanza. Vilevile, ukomo mkubwa unaweza usifikiwe kabisa. Katika sarafu za mwaka 2014 za ukumbusho wa besiboli, zile zilizopigwa kwa umbo la mbonyeo, za dhahabu ziliwekewa ukomo wa 50,000 na za fedha 400,000, nazo zote zilikwisha. Lakini nusu dola za madini ya kawaida, zilizowekewa 750,000, hazikumalizika. Aliyenunua nusu dola hiyo kwa bei ya kuruka mwezi wa Aprili angeweza kuipata kiwandani miezi kadhaa baadaye.

Hatua ya pili: fungua ukurasa wa kiwanda chenyewe kabla ya kufungua wa muuzaji mwingine yeyote, na utafute sarafu kwa mwaka, madini na herufi ya kiwanda, kwa sababu S ya San Francisco na W ya West Point ni sarafu mbili tofauti hata kama sura inafanana. Angalia bei ya siku hiyo. Sarafu za kumbukumbu huwa na bei ya utangulizi inayopanda baada ya wiki chache, na zile za dhahabu hurekebishwa kufuatana na soko la madini, kwa hiyo bei ya uzinduzi inaweza kuwa imeshapitwa na wakati.

Hatua ya tatu: soma tangazo la mlanguzi mpaka mstari wa mwisho. Juu utaona picha safi ya kasha lililofungwa na neno “imeadimika”. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, utakuta kwamba mzigo utatumwa baada ya wiki tatu. Maana yake ni kwamba muuzaji huyo bado hana sarafu. Atachukua fedha zako, ataagiza kiwandani, kisha atakutumia kile ambacho ungekiagiza mwenyewe.

Hatua ya nne: tenganisha bei ya sarafu na bei ya lebo. Kampuni za PCGS na NGC hupima ubora na kuifunga sarafu katika kasha la plastiki, na huduma hiyo ina gharama halali. Lakini lebo inayodai kwamba sarafu ni ya mapigo ya kwanza inategemea tarehe ya kuipokea au kuitoa kiwandani, si mpangilio wa kupigwa, na kiwanda hakifuatilii mpangilio huo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Ukurasa unasema sarafu haipatikani kwa sasa. Je, nimechelewa?

Marahaba. Kutopatikana kwa sasa si sawa na kumalizika. Maagizo hufutwa, kadi za benki hukataliwa, na mizigo mingine hurudishwa, kisha sarafu hizo hurejea sokoni. Jiandikishe upate taarifa, na usinunue kwa mlanguzi katika siku za mwanzo.

Je, hakuna wakati ambapo ziada ni halali?

Upo. Mwaka 2019 kiwanda kilitoa sarafu ya Tai wa fedha (American Silver Eagle) ya San Francisco, ile ya toleo la Enhanced Reverse Proof, kwa dola 65.95, ukomo ukiwa 30,000 na kila kaya ikiruhusiwa moja. Zilikwisha kwa dakika chache, na bei ya soko ikavuka dola 1,000. Mlango ulikuwa umefungwa kweli. Hapo jambo la kuangalia ni bei za mauzo yaliyokamilika, si bei wanazoomba wauzaji.

Mimi niko Dar es Salaam. Kama kiwanda hakinitumii, je, nitalazimika kumlipa mtu wa kati?

Ndiyo, ndugu, ila mlipe kwa kazi yake. Mwambie akutajie bei ya kiwanda, nauli, ushuru na ujira wake, kila kimoja peke yake. Akikataa kuvitenganisha, tafuta mwingine.

Vipi kuhusu sarafu za hifadhi ya wanyama za Tanzania za mwaka 1974?

Hizo huzipati tena kwa bei ya kutolewa, kwa hiyo hatua ya pili haikuhusu. Twiga wa shilingi 25 na kifaru wa shilingi 50 zilitolewa kwa namna mbili: ya kawaida ina nusu tu ya fedha, na ile ya mng'aro wa kioo (proof) ina fedha ya 925 kwa 1,000, nayo ni nzito zaidi. Mwombe muuzaji aiweke kwenye mizani na akutumie picha: twiga wa kawaida ana takriban gramu 25, na yule wa mng'aro gramu 28.28.