Arifa za utapeli kwenye simu: zikate bila kuflashi

Simu inatetema usiku wa manane: "Virusi 13 vimepatikana, gusa hapa kusafisha." Asubuhi inakuja nyingine yenye alama ya kijani inayofanana na ya WhatsApp, eti una meseji tano hujazisoma. Mchana umeshinda iPhone. Wengi wanaoleta simu za namna hii kwenye vibanda vya mafundi hapa Mbeya, Mwanjelwa na Kabwe, wanafika wameshaamua kwamba simu imeingia virusi na dawa yake ni kuflashi, yaani kufuta kila kitu na kuiwekea mfumo upya. Nakuomba usikubali kabla hujajaribu hatua zilizoandikwa hapa. Kuflashi kunaondoka na picha za watoto, namba za wateja na meseji zote ambazo hazikuhifadhiwa mahali pengine, wakati tatizo lenyewe mara nyingi linaisha kwa kuzima swichi moja.

Arifa hizi kwa sehemu kubwa si virusi, ni ruhusa. Mwaka 2015 Chrome, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) cha Google, ilianza kuziwezesha tovuti kutuma arifa hata kama umeshafunga ukurasa wake. Nia ilikuwa njema: barua pepe ikiingia ujue, habari ikitoka uipate. Tovuti inakuuliza, wewe unajibu Allow au Block, Ruhusu au Zuia kama simu yako iko kwa Kiswahili. Ukigusa Allow, tovuti inaacha kijiprogramu ndani ya kivinjari, na tangu hapo ujumbe wake unakufikia kupitia seva za mwenye kivinjari. Ndiyo maana ukizima data zinasubiri tu, ukiwasha zinamiminika. Na ndiyo maana antivirasi inapekua simu nzima isione kitu, kwa sababu hakuna faili baya la kukamata.

Matapeli wanajua kwamba hakuna mtu atakayewapa ruhusa hiyo kwa hiari, kwa hiyo wanaiba jibu. Siku ya Simba na Yanga unatafuta linki ya kuangalia mechi bure, ukurasa unafunguka mweusi na mshale wa kucheza video katikati, na juu pameandikwa "Gusa Allow ili video ianze." Au matokeo ya kidato cha nne yametoka, mtandao wa NECTA, Baraza la Mitihani, umeelemewa, unaingia tovuti nyingine yenye jina linalokaribiana nao, nayo inakwambia "Gusa Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Shika hili: jaribio la kweli la roboti linakutaka uweke tiki au uchague picha zenye taa za barabarani. Halihitaji ruhusa ya arifa hata siku moja. Video nayo haihitaji.

Hatua ya kwanza: jua anayetuma

Hatua hii wengi wanairuka, wakati ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Arifa ikiingia, usiiguse ikafunguka, na usiifute. Vuta pazia la juu la simu, kisha ibonyeze ile arifa uishikilie. Simu itakuonyesha imetoka kwenye programu gani.

Mama mmoja anayeuza mchele pale Sido alikuja na simu yenye arifa iliyosema akaunti yake ya benki inafungwa leo. Alama yake ilikuwa jengo la bluu, imetengenezwa ifanane na benki kabisa. Akaniuliza, "Mwanangu, hii si ya benki kweli?" Nikamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe: bonyeza hapa mama, shikilia, usiachie. Pale juu likatokea neno Chrome, na pembeni yake jina la tovuti, mlolongo wa herufi zisizotamkika ukiishia na .top. Benki yake ina programu yake kwenye simu ile ile na jina lake linajulikana. Alicheka, akaniomba nimshikie simu amwite jirani yake wa meza ya maharage naye aone.

Ukishaona jina, uko kwenye moja ya njia mbili. Kama imeandikwa Chrome, Opera, Firefox au kivinjari kingine, pamoja na jina la tovuti, fuata hatua ya pili. Kama limetokea jina la programu ya kawaida, tochi kwa mfano, au programu ya "kusafisha simu", ruka mpaka hatua ya tatu.

Hatua ya pili: ondoa ruhusa kwenye kivinjari

Kwenye Android fungua Chrome, gusa nukta tatu pale pembeni juu, ingia Settings, kisha Site settings, kisha Notifications. Kwa Kiswahili ni Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Utakuta orodha ya tovuti, zilizozuiwa na zilizoruhusiwa. Orodha ya zilizoruhusiwa ndiyo ya kufanyia kazi. Soma jina moja moja. Usilolijua, liguse, kisha chagua kuzuia au kufuta ruhusa. Mimi nashauri kuzuia, maana ukifuta tu, siku ukirudi kwenye tovuti ile itakuuliza upya, na unaweza kugusa vibaya tena.

Watu hushangaa orodha ilivyo ndefu. Tovuti moja ya kupakua nyimbo inakupeleka kwenye nyingine, ile nayo inakupeleka kwenye nyingine, na kila moja inaomba ruhusa yake. Kwa hiyo usizuie ile uliyoiona leo peke yake ukaishia hapo. Pitia orodha yote.

Ukishamaliza, rudi juu ya ukurasa ule ule. Kuna swichi kubwa inayohusu tovuti zote. Kama huna tovuti hata moja ambayo unataka ikutumie arifa, na wengi wetu hatuna, izime. WhatsApp, M-Pesa, barua pepe na programu za benki haziguswi na swichi hii, kwa sababu hazipiti kwenye kivinjari. Hofu hiyo naisikia sana, kwamba "nikizima sitapata meseji." Utazipata.

Kufuta historia ya kuvinjari peke yake si dawa ya kutegemea. Ruhusa za tovuti zina kisanduku chake tofauti kwenye ukurasa wa kufuta data, na kama hukukiwekea tiki, ruhusa zinabaki pale pale.

Vivinjari vingine vina mpangilio unaokaribiana na huo: tafuta mipangilio, kisha ruhusa za tovuti, kisha arifa. Simu nyingi za Tecno huja na kivinjari cha Phoenix tayari, na wengi wana Opera Mini pia kwa ajili ya kubana bando. Vivinjari hivyo vinaweza kukuletea arifa za habari vyenyewe, si kwa niaba ya tovuti. Hizo si utapeli, ila zikikuchosha, zizime kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, chini ya jina la kivinjari husika.

Hatua ya tatu: matangazo yanayofunika kioo kizima

Hapa ugonjwa ni mwingine. Uko kwenye kikokotoo unapiga hesabu za viazi, ghafla tangazo linajaa kioo kizima. Unalifunga, baada ya muda linarudi, hata pale ambapo hujafungua kivinjari kabisa. Hiyo ni programu iliyomo ndani ya simu, na kazi ni kuigundua ni ipi.

Tangazo likitokea, usitafute alama ya X haraka haraka. Nyingine zimechorwa ili ukizigusa zifungue tangazo. Gusa kitufe cha programu zilizofunguliwa karibuni, kile cha mraba, au telezesha kidole kutoka chini ushikilie katikati. Lile tangazo litaonekana kama kadi, na juu ya kadi kuna alama ya programu iliyolileta. Wakati mwingine alama ni tupu kabisa, nyeupe, bila jina. Hilo nalo ni jibu: programu inajificha.

Kama hukuipata hapo, ingia mipangilio ya simu, sehemu ya programu, tafuta ruhusa maalumu, kisha ile inayoitwa Display over other apps. Kwenye Samsung inaitwa Appear on top. Hiyo ndiyo ruhusa ya kujitokeza juu ya programu nyingine. Messenger inaihitaji kwa vile viduara vyake vya mazungumzo. Tochi haina sababu ya kuihitaji. Programu ya kusoma QR haina. Kibodi ya mapambo uliyopakua mwezi uliopita haina. Ziondolee ruhusa, kisha zitoe kwenye simu.

Zipo zinazokataa kutoka, kitufe cha kuondoa kimefifia. Mara nyingi programu ya hivyo imejifanya msimamizi wa kifaa. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta Device admin apps, izime hapo, ndipo urudi kuiondoa. Na kama matangazo yanakuja mfululizo hata huwezi kugusa kitu, washa simu kwa hali salama: bonyeza kitufe cha kuzimia, kisha gusa na kushikilia maneno Power off mpaka simu iulize kama unataka Safe mode. Baadhi ya simu zina njia yake, lakini nyingi zinakubali hii. Katika hali hiyo programu ulizopakua hazifanyi kazi, kwa hiyo unapata utulivu wa kuiondoa ile mbaya. Ukimaliza, zima na uwashe simu kama kawaida.

Halafu fungua Play Store, gusa picha yako pale juu, ingia Play Protect, fanya ukaguzi. Ni bure na iko tayari kwenye simu yako. Usipakue "kisafishaji" kingine ili kiondoe cha kwanza.

Kwenye kompyuta

Kompyuta za stationery, hasa za maeneo yenye vyuo, zinaguswa na watu wengi kwa siku, na arifa hutokea kwenye kona ya chini kulia kama vile Windows yenyewe inasema. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, au edge://settings/content/notifications kama unatumia Edge, kisha safisha orodha kama ulivyofanya kwenye simu. Pitia na viendelezi vya kivinjari, zile programu ndogo zilizoongezwa ndani yake, utoe usivyovijua. Ukurasa ukijaza kioo kizima na kelele za "kompyuta yako imefungwa, piga namba hii", usipige. Bonyeza Esc uishikilie. Ikishindikana, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha funga kivinjari kutoka kwenye orodha itakayofunguka. Ukikifungua tena, kikikuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Kuna hila moja mpya zaidi inayonitia wasiwasi kuliko zote hizi. Ukurasa unajifanya jaribio la roboti, kisha unakupa maelekezo: bonyeza kitufe cha Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifanya hivyo unaiendesha kwa mkono wako amri ambayo ukurasa uliinakili kimyakimya, na programu ya kuiba nywila inaingia. Hakuna tovuti halali inayothibitisha mtu kwa njia hiyo. Kama mtu ameshafanya, chomoa intaneti, badilisha nywila kutoka kifaa kingine, ukianza na barua pepe, na kompyuta ile iwekewe Windows upya. Hapo ndipo kazi ya kuflashi ina maana.

Kwenye iPhone

Arifa za tovuti kwa iPhone ni nadra, kwa sababu tovuti lazima kwanza uiweke kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu. Kinachowapata wenye iPhone ni kalenda: matukio yanayojaa yakisema simu ina virusi. Fungua Calendar, gusa Calendars chini, tafuta kalenda usiyoijua, gusa alama ya i pembeni yake, kisha uiondoe yote. Kufuta tukio moja moja hakusaidii.

Kama uligusa, ukajaza kitu

Kugusa arifa na kufunga ukurasa peke yake, kwa kawaida hakuna hasara. Kama uliandika namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine wowote, ibadilishe saa hiyo hiyo, kisha piga 100 uwaeleze mtandao wako. Kama kuna namba ya simu iliyokupigia au kukutumia meseji ya utapeli, itume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili hiyo. Kama ulipakua faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu, kutoka kwenye ukurasa ule, liondoe pamoja na programu iliyotokana nalo, halafu rudia hatua ya tatu.

Kuzuia zisirudi

Matokeo ya mitihani yatafute kwenye necta.go.tz. Anwani zinazoishia na .go.tz ni za taasisi za serikali tu, kwa hiyo tovuti ya matokeo yenye mwisho mwingine si ya Baraza.

Kwa mzazi aliyeko Tukuyu au Kyela anayetumia simu uliyomnunulia, zima ile swichi kubwa ya arifa za tovuti siku ukienda kumsalimia. Mweleze na sababu yake, maana atakayekuja kumwambia aiwashe atakuwa tapeli.

Kuna na kinga ya kuweka mara moja kwa simu nzima. Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu inayoitwa Private DNS, ndani ya mipangilio ya mtandao. Chagua kuandika jina la seva, uandike dns.adguard-dns.com, kisha hifadhi. Matangazo mengi ya tovuti na ya programu yatakatika kabla hayajapakuliwa, na bando utaliona linadumu. Ni bure na haihitaji programu yoyote. Siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au chuo na ukurasa wa kuingilia ukagoma kufunguka, rudisha Private DNS iwe Automatic, ingia, kisha uandike jina lile upya.