Somo: kusoma sensa za madabodi (vipimo vya joto, volteji na feni) kwa Linux kabla hujakimbia Luthuli, mtaa wa vifaa Nairobi, kununua vitu

Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya skrini akiuliza "hii digrii 127 ni nini, mashine inaungua?" Haiungui. Nimeandika hii mara moja ndio nisirudie tena, someni yote, hasa hatua ya nne, halafu muulize.

1. Kwa Ubuntu ama Debian:

sudo apt install lm-sensors

2. Endesha sudo sensors-detect. Bonyeza Enter kwa kila swali, majibu yaliyowekwa tayari ndio salama. Lile la mwisho tu, la kuongeza moduli (vipande vya programu vinavyosoma sensa) kwa /etc/modules, andika yes. Washa mashine upya.

3. Andika sensors. Ukiona coretemp (Intel) ama k10temp (AMD), hiyo sensa iko ndani ya prosesa yenyewe, iamini. Majina kama nct6779 ama it8728 ni chipu ya madabodi, hiyo usiiamini haraka.

4. Volteji. Hapa ndio niliumia. Chipu ya madabodi haiwezi kupokea voltu 12 moja kwa moja, kwa hivyo mwenye kuunda bodi anaweka rezista za kuigawa kwanza, na keneli, yaani kiini cha Linux, haijui aliweka zipi. Ndio unaona in4 (mojawapo ya pini za volteji za hiyo chipu) ikisema 1.01 na hakuna kitu kimeharibika, inabidi wewe uzidishe, kwa mfano ndani ya faili kwa /etc/sensors.d/:

chip "nct6779-*"
label in4 "+12V"
compute in4 @*12, @/12

Mimi nilichukua faili ya mtu mwenye bodi tofauti nikabandika vile ilivyo, ikaanza kunionyesha +12V iko 10.3, nikanunua pawa saplai mpya na pesa ya kodi ya nyumba, nikafunga, nikawasha, bado 10.3. Fundi wa Luthuli Avenue alishika mita, waya wa manjano na mweusi, akasoma 12.1. Pawa saplai ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Kwa hivyo USIBANDIKE faili ya bodi nyingine hata kama chipu ni ileile, in4 kwako inaweza kuwa in1 kwa mwenzako. Linganisha kwanza na ukurasa wa BIOS (mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya Linux), halafu na mita. Kinachokubalika ni asilimia 5 juu ama chini: 11.4 mpaka 12.6 kwa ile ya 12, na 4.75 mpaka 5.25 kwa ile ya 5. Na usifungue boksi ya pawa saplai kupima ndani, kapasita zinabaki na stima hata ukichomoa waya, pimia kwa plagi za nje.

5. AUXTIN (pini ya ziada ya joto) ikisema 127 ama kitu chini ya sifuri, hiyo pini haina sensa. Feni 0 RPM, mara nyingi hakuna feni kwa hiyo pini. Ikiandika ALARM na min na max zote ni 0.00, hakuna mtu aliweka mipaka.

MASWALI

mdau_kayole: boss yangu inasoma AUXTIN2 127 digrii nizime?

Hatua ya 5.

mdau_kayole: nimeuliza tu vizuri

Na nimejibu vizuri, iko pale juu, mistari miwili tu.

fundi_rongai: yangu iko na shida, sensa hazisomi, nifanye?

Bodi gani? sensors-detect ilisema nini? Bila hizo mimi siwezi kubahatisha, lete yote iliyotoka.

binti_wa_tudor: Shikamoo mwalimu. Mashine yangu na ya kaka huko Nairobi ni sawasawa, ila yangu hapa Mombasa inazidi digrii kama sita. Pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka?

Marahaba dada, swali zuri hili. Sensa inaonyesha joto la chumba jumlisha lile prosesa inaongeza, kwa hivyo chumba chako kikiwa na 31 na cha kaka 24 tofauti imeshapatikana hapo, pesti haina makosa. Tena sisi huku Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, feni ileile inabeba joto kidogo kuliko huko kwenu. Pimeni joto la chumba nyote wawili, mtoe, halafu mlinganishe kinachobaki mkifanya kazi moja. Na msilinganishe mashine ikiwa imetulia, sensa za coretemp zinahesabu umbali kutoka kikomo cha juu, huko chini hazina uhakika sana.

binti_wa_tudor: Asante sana. Na Vbat 2.6?

Hiyo ni betri ya CR2032, mpya inasoma 3 na kitu. Badilisha, ikichoka saa inarudi nyuma stima ikipotea. Kabla hujaitoa piga picha mipangilio ya BIOS.

msee_wa_umoja: kama ni vumbi, bloa inatosha?

Inatosha, lakini shika feni na kidole isizunguke, na uchomoe stima kwanza.