Ukienda mapango ya Batu kule Malaysia, beba kanga

Jamani watu wa Tanga, mkipita Kuala Lumpur, iwe biashara, masomo au unasubiri ndege tu masaa mengi, nendeni mapango ya Batu. Ni hekalu la Kihindu ndani ya pango, la mungu wao Murugan, na sisi tuliokua tunapelekwa mapango yetu ya Amboni na shule tutalielewa haraka kuliko wengi, mawe ni yale yale ya chokaa, popo wapo.

Kufika ni rahisi, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, KL Sentral, unapanda treni ya KTM Komuter inayoishia hapo hapo Batu Caves, nusu saa na kitu hivi. Nenda asubuhi mapema maana ngazi ni 272 na jua la kule halina tofauti na letu la Januari. Pango kubwa la juu kuingia ni bure, la Ramayana pale chini ndo unalipia.

Sasa mavazi. Magoti na mabega yafunikwe, na wadada wenye kaptula wanasimamishwa pale chini wakodi kitambaa, mi nilikuwa na kanga begani nikajifunga nikapita zangu. Kanga moja tu, inakusitiri na jasho unajifutia.

Chakula usishike mkononi kabisa!! Tumbili wa pale sio wa kuchekea. Mi nilibeba ndizi kwenye mfuko wa plastiki, sijafika hata nusu ya ngazi mmoja akatokea kwenye ukingo akauchana mfuko kwa vidole vyake vyembamba, ndizi zikamwagika, nikaachwa nimeshika mikono ya mfuko tu. Weka kila kitu kwenye begi lenye zipu, simu na miwani pia.

Juu kuna ubaridi, maji yanadondoka toka kwenye dari, na mwisho kabisa pango liko wazi juu, mwanga unashuka mpaka kwenye kihekalu. Kabla ya kuingia vua viatu kama msikitini. Mimi ni Muislamu, sikushiriki ibada yao, nilisimama pembeni kimya na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilimuona bibi mmoja amepanda peku na chungu cha maziwa kichwani, anapumzika kila ngazi chache, midomo inacheza anaomba. Mtu kama huyo usimsogezee kamera usoni, naomba sana, pale Amboni tunapofika kwenye mzimu si tunapunguza sauti, basi na kule iwe hivyo hivyo.

Sanamu la rangi ya dhahabu la Murugan na mkuki wake, mita 42.7, lipige picha ukiwa mbali kwenye uwanja, ukisogea utapata miguu tu.

Sikukuu yao ya Thaipusam huangukia Januari au Februari, watu wanafurika, kama una watoto wadogo ruka siku hiyo.

Kushuka shika chuma cha pembeni, magoti yatatetemeka. Chini madafu yapo.