Kukagua umeme wa nyumba kongwe ya kupangisha: anza na wapangaji

Fundi mwenzangu, ukiitwa Magomeni au Ilala kukagua nyumba ya vyumba sita iliyofungwa nyaya zamani, usikimbilie bodi ya fyuzi.

1. Waulize wapangaji. Mwenye nyumba atakuambia umeme uko safi, taa zinawaka. Lakini taa huwaka hata pasipo erthi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Anayejua ukweli ni anayefungua friji alfajiri akiwa peku. Nani amewahi kupigwa shoti? Soketi gani inanuka kuungua? Nyumba moja mama aliniambia friji lake "linauma" akishapiga deki. Nikafungua soketi: matundu matatu mbele, nyaya mbili nyuma. Erthi haikuunganishwa popote, na watoto wake wanacheza hapo hapo.

2. Zima mein swichi, toa fyuzi, uzitie mfukoni. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi hakosekani wa kuja kuwasha akidhani umekatika. Ijaribu testa mahali penye umeme, pima unapofanyia kazi, kisha irudishe kuijaribu tena. Lakiri ya mita ni ya TANESCO, usiiguse.

3. Tazama kwa macho. Nyaya za zamani ni nyekundu kwa moto (unaoleta umeme) na nyeusi kwa nyutro (unaourudisha). Za sasa ni kahawia na buluu. Nyumba iliyotiwa viraka ina zote, na nimeshakuta waya wa kijani, rangi ya erthi, umebeba moto wa swichi. Usiamini rangi, pima. Waya wenye ganda la mpira uliokauka usiukunje, utapukutika mkononi. Ukikuta fyuzi imefungwa waya mnene wa shaba, jua kwamba nyaya za ukutani zitaungua kabla yake.

4. Fuata erthi. Hapa usifanye haraka. Pima mwendelezo, yaani kama waya haujakatika, kutoka bodi hadi kila soketi, chumba kwa chumba. Halafu toka nje uitafute nondo ya erthi. Mara nyingi klampu imeliwa na kutu, au waya ulikatwa wakati wa kujenga choo kipya.

5. Piga mega, kifaa cha kupima kama ganda la nyaya linavujisha umeme. Chomoa vyombo vyote, toa balbu. Unganisha moto na nyutro, pima dhidi ya erthi kwa volti 500. Chini ya megaohmu 1, sakiti hiyo haijapita. Igawanye vipande mpaka uone inapovuja.

6. Rudisha umeme. Hakikisha swichi zinakata moto, si nyutro. RCD (swichi inayojikata umeme ukivuja) ya miliampea 30 ipime kwa kifaa chake. Kwa mkondo huo ikate ndani ya milisekunde 300. Kitufe chake cha T, cha kujaribia, hakitoshi, kwa kuwa hakipimi erthi ya nyumba.

7. Andika. Orodhesha vyumba, vipimo na tarehe. Sakiti ya hatari izime siku hiyo hiyo, hata mwenye nyumba akinung'unika. Nakala moja mpe yeye, nyingine wasomee wapangaji pale uani, wajue soketi ipi wasichomeke kitu mpaka utakaporudi.