Bwana Staff si mtu: mambo ya kuzingatia kabla ya muhula kuanza katika chuo cha jamii Marekani

Siku ya kwanza nilipofungua ratiba ya masomo ya chuo cha jamii hapa Marekani, nilimwonea huruma mwalimu mmoja. Aliitwa Staff. Asubuhi alikuwa na hesabu, mchana Kiingereza, jioni biolojia, na Jumamosi ambapo wenzake wamepumzika yeye alikuwa na darasa la kompyuta. Nikamwuliza jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu aliyenitangulia kwa muhula mmoja, huyu bwana analala saa ngapi. Alicheka hadi akashika ukuta. "Mutoto yangu, ule haiko mutu. Bado hawayapata mwalimu."

Kumbe Staff ni neno tu la Kiingereza, "watumishi", linaloshikilia nafasi. Tangu siku hiyo nasoma habari za watumishi wa chuo kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Nani kaondoka, nani kahamishiwa ofisi ipi, kituo cha msaada wa masomo kimebadili saa gani. Wanafunzi wengi wanazifuta barua pepe hizo bila kuzifungua, na siwalaumu, maana zimeandikwa kama risala ya harusi. Lakini katika zote zinazoingia kati ya Julai na Agosti, mimi naona hizo ndizo za kufungua kwanza.

Sababu yake iko kwenye namna vyuo hivi vinavyoendeshwa. Tangu Joliet Junior College ilipoanza Illinois mwaka 1901, chuo cha miaka miwili kimekuwa mlango wa wanaofanya kazi, waliochelewa kusoma, waliotoka mbali. Leo viko takribani elfu moja nchi nzima, na vingi havimchuji mtu mlangoni. Anayeingia hivyo anahitaji wa kumshika mkono, na washika mkono wenyewe hawakai. Zaidi ya nusu ya walimu wa vyuo vya jamii ni wa muda, wanaoajiriwa muhula kwa muhula. Wanaokusaidia hesabu kwenye kituo mara nyingi ni wanafunzi wenzako, nao wanahitimu na kuondoka. Programu kama TRIO, inayowasaidia wenye kipato kidogo, wenye ulemavu na wale ambao wazazi wao hawana shahada ya kwanza, inaishi kwa ruzuku ya serikali kuu ya miaka mitano mitano. Ruzuku isipoendelea, mshauri uliyemzoea anafungasha vitabu vyake kwenye boksi.

Anza na mshauri wa masomo, wiki tatu hivi kabla ya muhula. Ingia kwenye akaunti yako ya chuo uangalie jina lililoandikwa hapo. Ni lile lile la mwaka jana? Mimi nilikubaliana na mshauri wangu kwa mdomo kwamba kozi ya takwimu niliyoifaulu ingehesabiwa mahali pa aljebra. Tulishikana mikono, nikashukuru, nikaenda zangu kazini. Julai akahamia chuo kingine. Wa baada yake alifungua faili langu, akaniangalia kwa huruma: hapakuwa na neno hata moja. Aljebra nikaisoma, muhula mzima, na ada nikailipa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nadhani walikuwa wanazungumzia duka.

Kwa hiyo jina likibadilika, usingoje kuitwa. Andika barua pepe fupi kutoka anwani ya chuo, si ile yako binafsi: jina, namba ya mwanafunzi, programu unayosoma, na yale mliyokubaliana na aliyetangulia, moja baada ya jingine. Omba ayaweke kwenye kumbukumbu zako na akujibu kwamba ameyaweka. Kisha chapisha ile ripoti inayoonyesha kozi ulizomaliza na zilizobaki. Ukikuta kozi imekaa pembeni, chini ya fungu la zisizohesabika, uliza sasa. Ukiuliza wiki ya kwanza ya muhula utakuta foleni hadi nje, na mshauri ana dakika kumi na tano za kukusikiliza. Na ukipewa miadi ya 3:00, hiyo ni saa tisa alasiri. Najua inachekesha, lakini nimemwona mtu mzima, aliyesoma, akifika saa tatu asubuhi na kurudi nyumbani amekasirika.

Turudi kwa Bwana Staff. Kujiandikisha kwenye darasa lake si kosa. Pengine ndilo pekee lisilogongana na zamu yako ya kazi ghalani. Ila darasa lisilo na mwalimu, au lenye wanafunzi wachache, ndilo linaloweza kufutwa siku chache kabla ya kufunguliwa. Ukiwa umeshambembeleza msimamizi akubadilishie zamu, utakwenda kumbembeleza tena? Chagua mapema darasa la akiba la kozi hiyo hiyo, andika namba yake mahali, na urudi kuangalia ratiba kila baada ya siku mbili tatu.

Jina likishatokea, jua pia ni mwalimu wa namna gani. Wa muda anaweza kuwa anafundisha vyuo viwili au vitatu kwa wiki, na mara nyingi hana chumba chake. Silabasi itasema anapatikana kwa miadi. Mwulize siku ile ile ya kwanza: nikikwama nikupate wapi, kabla ya kipindi, baada ya kipindi, au kwa video? Wengi wao ni walimu wazuri mno, tena wenye subira na Kiingereza chetu. Tatizo ni kwamba mwaka ukigeuka hutawakuta. Kama una nia ya kuhamia chuo kikuu, barua ya kukupendekeza iombe wakati mwalimu angali yuko, anakukumbuka na anwani yake bado inafanya kazi.

Kituo cha msaada wa masomo kina mambo yake. Usidhani kinafunguliwa siku muhula unapoanza. Aghalabu wiki ya kwanza bado kinapanga wasaidizi, na saa za kiangazi si saa za vuli. Angalia kama unaingia tu au lazima uandikishe nafasi, na kwa somo lako kuna mtu siku zipi. Msaidizi wa hesabu aliyepo Jumanne anaweza kuwa ameishia aljebra, na wewe una kalkulasi. Vyuo vingi vinalipia pia msaada wa mtandaoni kwa kampuni kama Tutor.com au Brainfuse, ambao humfaa sana anayetoka kazini usiku wa manane. Uliza kama saa zako zina kikomo. Kama zipo za kuhesabiwa, usizimalize mwezi wa kwanza kwa maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu.

Wanaosaidia uandishi ndio wanaotukosanisha na matarajio yetu. Wengi tunapeleka insha kama nguo kwa dobi: naiacha asubuhi, jioni naikuta imenyooka. Hawafanyi hivyo, wala si uvivu. Kazi yao ni kukaa nawe, kukuuliza unataka kusema nini, na kukuonyesha kosa moja linalojirudia ili kumi yaliyobaki uyaone mwenyewe. Nenda na swali alilotoa mwalimu, na rasimu hata ikiwa mbaya, siku mbili tatu kabla ya tarehe ya kukabidhi. Ukienda saa mbili kabla, watakupa pole tu.

Maktaba nayo isisahaulike. Vitabu vya kozi ni ghali, na mara nyingi nakala moja huwekwa kaunta kwa kusomwa humo humo kwa saa mbili. Mwulize mkutubi kabla hujatoa kadi ya benki.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Kijana aliyekuwa na mpango maalumu wa msaada sekondari kwa sababu ya kusoma kwa shida, kusikia, kuona au maradhi, mpango ule haumfuati chuoni. Sheria ya 1973 (Rehabilitation Act) na ile ya watu wenye ulemavu ya 1990 zinakibana chuo kitoe msaada unaofaa, lakini mwanafunzi mwenyewe ndiye aende ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, ajieleze na kupeleka karatasi. Hakuna mwalimu atakayekuja kumtafuta. Afanye hivyo kabla ya muhula, kwa sababu muda wa ziada wa mtihani huanzia pale ofisi inapotoa barua ya kuuidhinisha. Mtihani uliopita umepita. Na mfanyakazi wa ofisi hiyo akibadilika, aulize kama barua ya mwaka jana bado ina nguvu.

Mzazi naye asishangae akifika dirishani na kuambiwa hawezi kuambiwa kitu. Kuna sheria ya 1974, FERPA: mtu akishaingia chuo, kumbukumbu za masomo ni zake, awe na miaka kumi na saba au arobaini. Kwetu kaka mkubwa ndiye anayefuatilia mambo, na mama ndiye anayelipa. Yote hayo dirishani mara nyingi hayana uzito bila fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mwanafunzi. Mkikubaliana nyumbani kwamba kaka atasaidia, fomu isainiwe mapema. Msikubaliane pia, hakuna ubaya. Kuna vijana wanaoshukuru sheria hiyo kimya kimya.

Fedha nizipitie haraka, maana yameandikwa mengi. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, inajazwa upya kila mwaka. Kiwango cha juu cha Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, kwa mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395, na hairudishwi kama mkopo, ingawa ukiacha masomo katikati ya muhula unaweza kudaiwa sehemu. Kuendelea kupata msaada kunategemea mwendo wako: vyuo vingi vinataka umalize karibu asilimia 67 ya krediti (vipimo vya uzito wa kozi) ulizojiandikisha, na kwa programu ya krediti 60 huwezi kupita 90 za kujaribu. Kozi uliyoiacha baada ya tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi inahesabika kama uliijaribu. Tarehe hiyo iandike kwenye simu leo.

Mimi nina desturi moja ambayo watoto wangu wanaicheka. Siku mbili kabla ya muhula naenda chuoni kwa miguu yangu, napita mlango kwa mlango, nasoma karatasi zilizobandikwa. Saa mpya hufika mlangoni kabla hazijafika kwenye tovuti. Mwaka huu, kwenye orodha ya watumishi wapya, nilikuta jina ninalolijua: yule mama wa Bukavu, mapokezi ya kituo cha msaada wa masomo, Jumatatu hadi Alhamisi. Nikampigia kumpongeza. Akanishukuru, akaniuliza habari za watoto, kisha akashusha sauti: Ijumaa tunafunga saa sita, kwenye kompyuta bado wameacha saa kumi.