Kuifufua pikipiki ya mashindano ya zamani ili itembee barabarani

Pikipiki ya mashindano ya miaka ya 1970, kama vile Honda CR250M Elsinore ya mwaka 1973 au Yamaha YZ zilizoanza kutoka mwaka 1974, haikukusudiwa kutembea barabarani hata siku moja. Iliundwa ikimbie kwa nguvu zote kwa muda mfupi katika uwanja wa vumbi, kisha irudi kwa fundi anayeisubiri na spana mkononi. Haina taa, haina honi, haina mita ya mwendo, na haipendi kunguruma taratibu ikiwa imesimama. Anayetaka kuitumia kati ya Uyole na Mbalizi, au kati ya Iringa na Mafinga, aelewe tangu mwanzo kwamba rangi na mng'ao ni kazi ya mwisho. Kazi yenyewe ni kuifundisha mashine hiyo kwenda polepole, kuonekana usiku, kusimama kwa uhakika na, jambo ambalo kwa huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania ni zito kuliko yote, kushuka milima mirefu bila injini kunoki, yaani pistoni kukwama na injini kufa.

Anza na makaratasi. Mashine nyingi za aina hii ziliingia nchini kama vifaa vya michezo na hazikuwahi kusajiliwa, kwa hiyo ni vyema kufika ofisi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na kuuliza habari za ushuru na usajili kabla ya kumlipa muuzaji, wala si baada ya kulipa. Namba ya chesisi hugongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Ondoa rangi na kutu kwa msasa laini hadi isomeke, na ilinganishe na hati ya mauziano. Bila usajili hutapata kibao kinachoanza na herufi MC, na bila kibao hicho huwezi kutembea kihalali wala kuwa na bima yenye maana. Ukikuta namba imesagwa, achana na mashine hiyo hata kama bei yake ni ya kutupa.

Katika kuifungua, piga picha kila hatua kwa simu na weka boliti za kila sehemu katika kopo lake lenye jina. Vyuma visafishwe kwa dizeli badala ya petroli, nje ya nyumba na mbali na jiko la mkaa. Lining za breki za miaka ile huweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hicho kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Injini ndiyo inayostahili muda mrefu. Nyingi za mashine hizi ni za mapigo mawili, zile mafundi wanazoziita tustroki, na mafundi wengi wa bodaboda mjini, ambao mikono yao imezoea Boxer na TVS, hawana sababu ya kuzifahamu. Ushauri wangu ni kumtafuta fundi wa chensoo. Mafinga, Njombe na vijiji vilivyo karibu na msitu wa Sao Hill vina watu ambao kila wiki hufungua injini za misumeno inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ingawa msumeno ni mdogo, ugonjwa wake ni uleule.

Ugonjwa huo ni upepo. Katika tustroki, mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya kasha la krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni; kasha hilo hufungwa pembeni na sili mbili za mpira. Sili zilizokaa miaka thelathini au arobaini hukauka na kuwa ngumu, hewa ikaingia kwa kuiba, mchanganyiko ukakosa petroli na oili, na pistoni ikapata joto hadi kung'ang'ania ukuta wa silinda. Injini ya namna hiyo inaweza kuwaka vizuri asubuhi na kufa mchana. Ndiyo maana, hata kama imewaka kwa kiki ya kwanza, usiitembeze kabla ya kuipima.

Kipimo chake hakihitaji gereji kubwa. Tafuta kipimo cha mkono cha presha ya damu, kile chenye mpira wa kuminya na saa inayofika 300. Toa eksozi, kisha ziba tundu lake kwa kipande cha tyubu ya zamani kilichokandamizwa kwa bamba la chuma na boliti zilezile za eksozi. Acha plagi mahali pake, na uishushe pistoni hadi chini kabisa. Toa kabureta, na kwenye mpira wake ingiza kizibo cha mbao kilichotobolewa katikati ili mpira wa kipimo upite, ukikaza kwa klipu. Sasa minya hadi saa ifike karibu na 300, funga, na usubiri dakika sita. Kwa injini isiyovuja, saa itashuka kidogo sana. Ikipoteza zaidi ya 50 kwa dakika, kuna mahali inavuja. Paka maji ya sabuni yenye povu kwenye maungio ya kichwa cha silinda, chini ya silinda, kwenye mpira wa kabureta, na nyuma ya magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi, ambako sili ya kushoto huonekana. Sili ya upande wa klachi imejificha ndani ya giaboksi, kwa hiyo chovya mpira wa kupumulia wa giaboksi kwenye kikombe cha maji; mapovu yakitoka, sili hiyo imekwisha, na injini ingekuwa inavuta oili ya gia na kutoa moshi mzito mweupe ambao wengi huulaumu kuwa ni wa ringi.

Baada ya hapo fungua silinda. Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na uivute juu na chini: isicheze hata kidogo, ingawa kusogea kidogo upande kwa upande ni kawaida. Kabla ya kupeleka silinda kwa mkereza vyuma, jua imetengenezwa kwa kitu gani, na sumaku itakuambia. Ikinata kwa nguvu ukutani mwa silinda, ndani kuna chuma kinachoweza kuchongwa ili kupokea pistoni ya saizi inayofuata. Ikishika kwa unyonge au kuteleza, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa nikeli ngumu, nayo haichongwi kwa njia ya kawaida. Nunua pistoni kwanza, kisha silinda ichongwe kuifuata pistoni hiyo. Mkereza aliyezoea injini za mapigo manne akumbushwe jambo moja ambalo pengine hajawahi kuombwa: kingo za matundu yaliyo ukutani mwa silinda zilainishwe baada ya kuchonga, kwa sababu ringi hupita juu ya matundu hayo kila mzunguko, na ukingo mkali huzikata.

Eksozi yenye tumbo isikatwe wala kunyooshwa. Tumbo lile hurudisha wimbi la presha ambalo huzuia mchanganyiko mbichi usitoroke, na ukilibadilisha umeibadilisha injini. Ondoa masizi yaliyoganda ndani yake, weka pamba mpya ya glasi kwenye sailensa, inatosha, majirani watashukuru.

Tukifika kwenye kabureta, ramani inahusika. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Jeti kuu, ile pua yenye kitundu kidogo inayopimia petroli ndani ya kabureta, iliyowekwa kiwandani kwa ajili ya mabonde itakuwa kubwa mno kwa hapa: injini itakohoa, plagi italowa, na utashawishika kuweka jeti ndogo. Uamuzi huo ni sahihi kwa anayebaki mjini, lakini ni wa hatari kwa anayeteremka kwenda Kyela, ambako karibu na Ziwa Nyasa ardhi iko kwenye mita 500 hivi. Kadiri unavyoshuka hewa inakuwa nzito, petroli inayopita kwenye jeti ileile haiongezeki kwa kiwango hicho, na ile injini iliyokuwa inakimbia vizuri Uyole inakuwa na njaa ya petroli kabla hujafika mwisho wa safari. Mimi huchagua jeti ya mahali pa chini kabisa ninapokusudia kufika na kuvumilia moshi kidogo Mbeya. Asiyependa moshi abebe jeti mbili na aibadilishe Tukuyu.

Kupata jeti sahihi, weka plagi mpya, tafuta mwinuko ulio wazi, panda ukiwa gia ya tatu na umevuta mafuta hadi mwisho, kisha kwa wakati mmoja shika klachi na zima injini. Simama pembeni salama na ufungue plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye unyevu maana yake petroli imezidi, na nyeupe ni onyo la kuongeza jeti mara moja. Daima anza na jeti kubwa ushuke hatua moja moja, kwa maana kosa la petroli kuzidi huchafua plagi tu, lakini kosa la petroli kupungua hula pistoni.

Oili ya tustroki ichanganywe mililita 40 kwa kila lita ya petroli, yaani sehemu moja kwa 25, angalau mpaka injini izoee. Wapo wanaoongeza oili kila wanapoona wasiwasi. Wakumbuke kwamba oili ikizidi, nafasi ya petroli kwenye jeti hupungua, na mchanganyiko huwa mkavu zaidi.

Kwa sababu oili huingia pamoja na petroli tu, ukiachia mafuta kabisa mteremkoni huku gia ikiwa imeshika, injini huzunguka kwa kasi bila kulainishwa. Katika uwanja wa mashindano hali hiyo hudumu kwa kitambo kifupi, lakini Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa kwenda Morogoro, si wa kitambo kifupi. Shuka kwa mwendo mdogo tangu juu, vuta mafuta kidogo kila baada ya muda hata kama huhitaji nguvu, na mara nyingine shika klachi ili injini ingurume peke yake. Tustroki haishikilii mteremko kama injini ya bodaboda, kwa hiyo mzigo wote unaangukia breki.

Breki za ngoma za wakati ule hudhoofika zikipata joto. Lining mpya peke yake haitoshi; ngoma ikaguliwe kama bado ni duara, na lining zigusane nayo kwa urefu wake wote. Kebo ya mbele iwe mpya, bila mjadala. Rimu za motokrosi, yaani za mashindano haya ya vumbi, huwa inchi 21 mbele na 18 nyuma, saizi ambazo pikipiki za njia za vumbi bado hutumia, hivyo tairi za barabarani zenye meno mafupi zitapatikana. Tairi za motokrosi zenye vidole virefu huteleza vibaya kwenye lami iliyolowa. Uwiano wa gia nao hupunguzwa: sproketi ya meno 13 mbele na 50 nyuma, ikibadilishwa kuwa 14 na 46, hupunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 15 kwa mwendo uleule. Usizidishe hapo, la sivyo utaijutia gia ya kwanza kwenye mlima wa kwanza.

Kuhusu umeme kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta magneto yenye koili za taa kutoka kwa ndugu wa mashine hiyo aliyetengenezwa na taa, kama vile mfululizo wa Yamaha IT kwa baadhi ya YZ, mradi koni ya krenki ilingane. Magneto hiyo ni nzito zaidi, na uzito huo husaidia injini kunguruma taratibu. Njia ya pili ni betri ya volti 12 yenye Ah 7 inayochajiwa nyumbani, ikilisha taa ya LED ya wati 15, taa ya nyuma, indiketa na honi za bodaboda. Hiyo itatosha safari za saa mbili au tatu. Kwa vyovyote vile, moto wa plagi usitegemee betri hiyo. Taa ya nyuma na ya breki zipewe kipaumbele kuliko ya mbele, kwa kuwa katika ukungu wa Isongole anayekuja nyuma yako na lori ndiye anayehitaji kukuona. Ongeza vioo vya pembeni, stendi na mita ya mwendo, kisha ipeleke ikaguliwe na ikamilishiwe usajili.

Safari za mwanzo ziwe fupi, za tambarare, ukibadilisha mwendo mara kwa mara bila kuvuta mafuta hadi mwisho. Baada ya safari ya kwanza, iache injini ipoe kabisa, kisha ukaze upya nati za kichwa cha silinda kwa mtindo wa msalaba, ukague spoki na mvutano wa mnyororo, na uangalie kama oili ya gia imepungua au imebadilika rangi.