Jinsi ya Kuitetea Tamthilia Kabla Kituo Hakijaikatiza

Shangazi yangu ana duka la vitenge mjini Busia, upande wetu wa mpaka, yaani Uganda, na katika daftari lake la madeni alikuwa ametenga kurasa mbili za nyuma kwa ajili ya tamthilia moja ya saa mbili usiku: majina ya wahusika, nani ni mtoto wa nani, shamba lililouzwa kwa hila, na siku ambayo wosia ungesomwa. Jumatatu moja aliwasha televisheni akakuta shindano la muziki. Hakuna tangazo lililotolewa, na wosia haukusomwa. Tulipopiga simu kituoni wiki tatu baadaye, tukiwa tumejaa hasira, tuliambiwa kwamba uamuzi ulikuwa umepitishwa mwezi uliotangulia. Tangu siku hiyo naamini kwamba mtazamaji anayengoja tamthilia ifutwe ndipo alalamike amekwisha kuchelewa, kwa hiyo mengi nitakayoeleza hapa ni ya kufanywa wakati tamthilia bado iko hewani.

Kwanza, fahamu ni nani anayeigharimia tamthilia unayoipenda. Kituo kisicholipiwa hutegemea matangazo ya biashara, chaneli ya king'amuzi hutegemea pia malipo yako ya kila mwezi, na huduma ya intaneti hulinganisha gharama na idadi ya watu walioianza tamthilia hadi wakaimaliza. Kama ni tamthilia ya kituo cha Marekani, kipimo kinachoogopwa huko ni cha kampuni ya Nielsen, ambayo huhesabu nyumba za Marekani, kwa hiyo macho yetu ya Kampala au Arua hayamo katika hesabu hiyo. Vilevile, ukiitazama katika kibanda cha video, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiganda na VJ hodari, yaani msimuliaji anayeitafsiri filamu kwa sauti yake, utafurahi sana lakini hutahesabiwa popote. Simlaumu mwenye kibanda, kwa kuwa wengi wetu tulijifunza kupenda hadithi pale. Nasema tu kwamba tamthilia unayotaka iendelee inafaa uitazame mahali panapohesabika, tena mapema. Ikiwa iko kwenye intaneti na bando linaruhusu, usiiweke kiporo hadi likizo ya Desemba, kwa sababu majuma ya mwanzo ndiyo yanayotazamwa zaidi na wenye uamuzi.

Pili, jifunze kuziona dalili, ambazo mara nyingi huanza na saa. Tamthilia iliyokuwa saa mbili usiku husogezwa hadi saa nne, kisha huruka wiki moja kwa sababu ya mpira, kisha hurudiwa sehemu za zamani bila maelezo, na watazamaji wanapopungua kwa kuyumbishwa hivyo, upungufu huohuo hutolewa kama sababu ya kuifuta. Mfano unaojulikana sana ni tamthilia ya Firefly, ambayo kituo cha Fox kiliirusha mwaka 2002 usiku wa Ijumaa bila kufuata mpangilio wake. Sehemu ya kwanza, iliyotungwa ili kuwatambulisha wahusika, ilirushwa mwisho mwezi Desemba, na kati ya sehemu 14 zilizotengenezwa ni 11 tu zilizoonyeshwa wakati huo. Kwa hiyo weka daftari kama la shangazi, lakini uandike tarehe, saa iliyotangazwa na saa iliyorushwa kweli. Meneja wa vipindi anaweza kuipuuza hasira yako, ila atapata shida kuipuuza orodha ya tarehe sita ambazo kituo chake chenyewe kilivunja ratiba.

Tatu, andika barua tamthilia ikiwa bado inaonyeshwa. Iandike kwa Meneja wa Vipindi, na nakala uipeleke kwa kampuni inayotangaza bidhaa zake katikati ya tamthilia hiyo, maana nakala hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Sisi tungeandika hivi: “Sisi wafanyabiashara kumi na wanne wa soko la Busia tunaitazama tamthilia hii kila Jumatatu, tumeliona tangazo la sabuni yenu humo, na tunaiuza madukani mwetu.” Weka majina na saini, eleza jambo moja linalowafanya muipende, na usitukane. Kiswahili kitakufaa, lakini ambatisha pia Kiingereza au Kiganda kulingana na lugha ya kituo. Watu wengi hukimbilia Tume ya Mawasiliano ya Uganda, lakini tume hiyo hutoa leseni na kusimamia viwango vya utangazaji. Kazi ya kuchagua tamthilia ipi iendelee ni ya kituo chenyewe.

Ikiwa imekwisha kufutwa, pigana, ila ujue mipaka. Kituo cha Marekani cha CBS kilipoifuta tamthilia ya Jericho mwaka 2007, mashabiki walituma kituoni karanga zenye uzito wa tani zipatazo 20, wakilichukua neno la Kiingereza “nuts” (karanga, na pia jibu la kukataa kwa dharau) lililosemwa na mhusika mkuu katika sehemu ya mwisho, na kituo kikakubali kutengeneza sehemu 7 zaidi. Kituo kiliwaambia waziwazi kwamba ili iendelee zaidi ni lazima watazamaji waongezeke, nao hawakuongezeka vya kutosha. Ikafutwa tena mwaka 2008. Wakati mwingine hata mtazamaji mwaminifu hana la kufanya: Queen Sono ya Afrika Kusini iliahidiwa msimu wa pili na Netflix mwezi Aprili 2020, na mwezi Novemba ahadi hiyo ikaondolewa kwa sababu janga la korona lilifanya iwe vigumu kupiga picha katika nchi mbalimbali. Niliumia sana kwa hiyo, kwa kuwa hadithi kubwa ya upelelezi iliyotungwa na Waafrika si kitu tunachopata kila mwaka.

Ndiyo maana, baada ya kufutwa, nashauri uombe kidogo kinachowezekana, yaani mwisho wa hadithi. Netflix iliifuta Sense8 mwaka 2017, na baada ya kilio cha mashabiki ikatoa mwaka 2018 sehemu moja ndefu ya kuifunga. Uliza kwanza kama kuna sehemu zilizokwisha kupigwa picha ambazo hazijarushwa, kwa sababu hizo gharama yake imeshalipwa. Shangazi aliuliza swali hilo katika barua yake ya pili, akaambiwa kwamba zipo tisa. Zilirushwa Jumapili saa tisa alasiri, mbili kwa mpigo, na wosia ulisomwa katika ile ya nane.